Weka Mbali na Watoto

Kibandiko kilikuwa chekundu, cha duka la dawa, kimeandikwa kama vile vya kwenye chupa: WEKA MBALI NA WATOTO. Mama alikibandika kwenye jalada la kitabu, juu kabisa ya picha ya kobe, akakisugua kwa kidole gumba mpaka kikashika.

"Sasa umeanza kugawa dawa mpaka nyumbani?" mumewe akamtania.

"Wewe cheka tu. Miaka kumi nauza dawa. Mtoto ukimwekea kitu mezani hakitaki. Kiweke juu, utamkuta kapanda kiti." Akashusha sauti. "Ukimwona anasoma, usimwambie kitu. Akijua tunajua, ataacha."

Mama naye anacheka, lakini moyoni hana raha. Binti yao ana miaka saba, na mwalimu ameandika kwenye daftari lake: kusoma anajua, ila kitabu hakigusi mpaka alazimishwe. Mama huyu alikuzwa na vitabu. Kuona mwanawe anavikimbia kunamuuma kweli.

"Unamsumbua mjukuu wangu bure," mama mkwe alisema kutoka kwenye cherehani yake, bila kuinua macho. "Mimi tangu nitoke shule sijashika kitabu, na mtaa mzima nimeuvalisha."

Kitabu kikapanda juu ya kabati la vyombo. Mtoto akakitazama, akasoma kibandiko polepole.

"Ni watoto tu, Mama? Na Bibi je?"

"Watoto tu," Mama akajibu, amekaza uso kama polisi.

Siku ya tatu Mama alikishusha kwa siri. Loo! Ukurasa wa kumi na mbili ulikuwa umewekewa alama ya uzi wa bluu. Kumbe na nyuzi za bibi yake anaiba, huyu mtoto! Kesho yake uzi ulikuwa ukurasa wa ishirini. Mama alicheza peke yake jikoni, mwiko mkononi, mpaka chakula kikashika chini ya sufuria.

Wiki iliyofuata mtoto akamfuata mwenyewe. "Mama, ukileta kingine, kiwe na maandishi makubwa. Haya madogo yanaumiza macho."

Mama alitaka kumbeba juu juu. Akajikaza. "Tutaona," akasema, na jioni ile ile akarudi na kitabu cha maandishi makubwa kama vifungo vya koti. Akakibandika kibandiko, kikapanda juu ya kabati.

Siku hizo mama mkwe alikuwa na maumivu ya mgongo. Kila mchana alijifungia chumbani kulala, na magauni ya wateja yakawa yanarundikana kwenye kiti. Mama alimpa pole, akamletea na dawa ya kuchua. Akili yake yote ilikuwa juu ya kabati.

Jumamosi alifunga duka mapema. Akavua viatu mlangoni, akanyata. Leo atamfuma mtoto!

Juu ya kabati hapakuwa na kitu. Mtoto alikuwa amekaa sakafuni, nje ya chumba cha bibi yake, mikono mitupu. Moyo wa Mama ukashuka.

"Kitabu kiko wapi?"

Mtoto akaweka kidole mdomoni, akamwonyesha ufa wa mlango. Mama akainama, akachungulia.

Bibi alikuwa kitandani, mgongo umenyooka vizuri tu, miwani puani, uzi wa bluu umening'inia mdomoni. Kitabu kilikuwa mapajani. Alifungua ukurasa, akacheka hadi mabega yakatikisika, kisha akajiziba mdomo kwa khanga.

"Na wewe je?" Mama akanong'ona. "Hukukisoma?"

"Mimi nilikimaliza siku ile ile uliyokileta. Huwa nakisahau kwenye kikapu chake cha nyuzi. Makusudi."

Mama akashika kitasa, kicheko kimemjaa kooni. Mtoto akamvuta sketi.

"Mama, tafadhali, usimwambie kitu. Akijua tunajua, ataacha."