Mbeleko ya Ufukweni

Bi Mwanakheri alipanga kitandani pasipoti, tiketi ya kurudi na karatasi ya hoteli. "Ukiulizwa uwanjani, sema umekuja kutalii," binti yake Saumu alimsisitiza kwa simu kutoka kisiwa cha Karibi, alikoolewa na kujifungua. "Ukisema una mtoto hapa, watadhani huondoki."

"Na hii mbeleko ya mjukuu wangu?"

"Sema ni nguo ya ufukweni."

Bi Mwanakheri akacheka. "Makubwa! Na hoteli ni ya kuwaonyesha tu, sivyo?"

Saumu akashusha sauti. Kichanga kikasikika kikilia. "Utalala huko, Mama. Mume wangu hapendi wageni nyumbani."

"Mgeni, mimi?"

Simu ilikuwa imeshakatwa. Akaikunjua mbeleko, akajifunga kifuani kama mtalii, akasimama mbele ya kioo.