Programu Mbili za Bure

Mauwa alimkalisha baba yake, mchonga vinyago, katikati ya kompyuta mbili kwenye duka la intaneti pale Kinondoni. Kila moja ilikuwa na programu yake ya bure ya kutengenezea tovuti. Mzee achague ipi itabeba vinyago vyake.

Mzee akazigonga zote kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, vilevile anavyopima gogo la mpingo lisije likawa na ufa ndani.

"Hii ina mapambo, ila ukitaka kubadilisha neno mpaka fundi," alisema Mauwa. "Ile haina urembo, lakini unaandika mwenyewe, unabonyeza, basi."

"Mie nichukue ya mapambo. Kwani fundi si wewe upo?"

"Baba, Jumapili nitakuwa Mwanza, kwa mume wangu."

Mzee akakisogeza kiti kwenye ile isiyo na urembo. Kwa kidole kimoja chenye makovu ya patasi akawa anawinda herufi moja moja, mpaka mwenye duka akaanza kukohoa. Akabonyeza.

Pale palipotakiwa jina la kinyago cha kwanza, pakasomeka: "Mauwa mwanangu, umefika salama?"