Kijiko cha Nafasi ya Saba

Ndege ndogo ya posta isiyo na rubani ilipotua uani asubuhi, Subilaga aliikimbilia peku kama mtoto aliyeletewa nguo za sikukuu. Kwa miaka miwili alikuwa wa nane. Sheria iliipa kila saratani adimu baraza la wagonjwa saba tu, wa nchi yoyote ile, na wa nane husubiri nafasi iachwe wazi.

Sasa nafasi ilikuwa yake! Ndani ya kifurushi alikuta kijiko cha mti. Papo hapo ukuta wa jikoni ukawaka, ukajaa nyuso sita zinazocheka.

"Karibu, mwanangu," alisema Bi Echati wa Moroni, mkubwa wa baraza. "Uji bado una ladha ya misumari?"

"Shikamoo, bibi! Umejuaje?" Madaktari walikuwa wamemwambia ni mawazo yake tu.

"Sote tulikuwa hivyo. Ni vijiko vya chuma. Chota kwa hicho."

Subilaga alichota, akaonja, akapiga kelele. Ndimu! Sukari! Alimlisha mumewe, Ambwene, kana kwamba naye hajawahi kula uji. Walipiga soga na baraza mpaka adhuhuri, wakicheka mambo ambayo mtu mzima wa afya asingethubutu kuyacheka.

Ambwene ndiye aliyekiosha kijiko. Alikigeuza, kisha akaita, "Mke wangu, hebu njoo uone."

Mpini ulikuwa umechongwa "Nafasi ya Saba", kisha majina, moja chini ya jingine. La tano lilikuwa la Subilaga, mkato wake ukiwa bado mweupe.

Chini yake walikuwa wameacha nafasi.