Mama Asiyekuja

Wanjugu aliupitia ukurasa wa mwisho, kisha akakibamiza kitabu cha wageni mezani hadi kalamu zikaruka.

"Miezi ishirini na mbili!" alisema. "Huyu mama hajakuja hata siku moja. Hata Krismasi!"

Aliyemsikia ni Winrose, mpishi wa makao ya watoto kwa mwaka mmoja na nusu sasa, aliyekuwa ameleta chai ya saa nne. Aliweka kikombe polepole, mbali na karatasi.

Wanjugu alikuwa mwaka wa nne chuo kikuu, akisomea ustawi wa jamii. Alikuwa amebakisha wiki tatu za attachment, yaani mafunzo ya kazini, katika makao hayo yaliyo pembeni mwa Nakuru, na kwa mara ya kwanza alikuwa amekabidhiwa kesi yake mwenyewe: Kipyegon, mvulana wa miaka miwili na nusu, aliyeletwa akiwa na miezi minane. Faili yake ilikuwa nyembamba. Mama ni Chepkemei, mfanyakazi wa loji huko Salgaa. Alipatikana amemfungia mtoto chumbani peke yake akaenda kazini. Chini, ofisa aliyemchukua mtoto alikuwa ameongeza kwa mkono: *Mama ameambiwa asikanyage hapa hadi awe na kazi ya maana na nyumba.*

"Na kweli hakukanyaga," Wanjugu alisema. "Alishukuru kutuliwa mzigo."

"Labda aliogopa," Winrose alisema.

"Aogope mtoto wake mwenyewe?"

"Aogope kufukuzwa, asimwone tena kabisa."

"Auntie, tafadhali, usimtetee! Mama anayetaka mtoto wake anakuja. Akifukuzwa, anarudi. Anapiga kelele pale geti mpaka afunguliwe."

Winrose akachukua trei, akarudi jikoni.

Chuoni walifundishwa kwamba hasira zako unaziacha nje kabla hujafungua faili ya mtu. Wanjugu alikuwa amepata alama nzuri katika somo hilo. Lakini yeye alilelewa na nyanya yake huko Molo, na kila Desemba alikuwa akikaa kando ya barabara kumngoja mamake, hadi mwaka mmoja akaacha kungoja. Hasira hiyo hakujua angeiacha wapi.

Jumanne alienda Salgaa. Alitaka kumpata Chepkemei, amtazame usoni, amwambie yote. Loji ilikuwa nyuma ya safu ya malori, na mmiliki wake, mzee aitwaye Ephantus, alikuwa akikagua mashuka yaliyoanikwa.

"Chepkemei? Huyo aliondoka kitambo, madam. Walipomchukua mtoto hakumaliza hata mwezi. Alibeba begi lake akaomba lifti kwa trela."

"Trela ya kwenda wapi?"

"Mombasa, ikipitia hapo Nakuru."

"Dereva alikuwa nani?"

"Nitajuaje? Hapa wanapita mia kwa siku."

Wanjugu hakuuliza lingine. Njia nzima ya kurudi alikuwa ameuma meno. Mtoto alikuwa hajatimiza mwaka, na mama tayari yuko barabarani na dereva!

Aliandika ripoti kwa kikao kimoja. Aliandika kwamba mama amemtelekeza mtoto kwa hiari yake, kwamba ameenda Mombasa na mwanamume asiyejulikana, kwamba hastahili kungojwa zaidi. Alipendekeza korti imwondolee haki zote, na Kipyegon akabidhiwe kwa mume na mke wa mtaa wa Section 58 waliokuwa wamekuja kumwona mara mbili.

Gathogo, meneja wa makao, aliisoma akikunja uso.

"Lugha yako ni kali, Wanjugu. Una uhakika na hii ya Mombasa?"

"Nimefika Salgaa mwenyewe. Wewe ulitaka nifanye nini, nimfuate mpaka baharini?"

Gathogo akatia sahihi.

Siku hiyo Wanjugu alipoenda jikoni kurudisha kikombe, Winrose alikuwa akichambua ndengu. Hakuinua kichwa.

"Ukishaandika hivyo, huyo mama atapewa nafasi ya kuongea?"

"Jina lake litaitwa kortini mara tatu. Tangazo limeshatoka hata gazetini. Asipoitika, imeisha."

"Na wewe unataka aitike?"

"Mimi?" Wanjugu alicheka bila furaha. "Aitike aseme nini? Tayari mtoto hamjui."

Kidole cha Winrose kilisimama kati ya ndengu, kisha kikaendelea.

Alhamisi mlezi wa zamu aliamka na homa, basi Gathogo akamwambia mpishi avue aproni ambebe Kipyegon hadi kortini. Wale wa Section 58 walikuwa wameketi mbele, mwanamke ameshika koti jipya la mtoto. Wanjugu alikaa nyuma yao na ripoti yake magotini. Kando yake Winrose alikuwa amempakata mtoto, ambaye alikuwa amelala fofofo.

Hakimu aliuliza kama mama mzazi amepatikana. Gathogo akajibu kwamba ametafutwa, hakuonekana.

"Aitwe," hakimu akasema.

"Chepkemei!" karani aliita kutoka mlangoni.

Karani akachungulia koridoni, akapaza sauti zaidi.

"Chepkemei!"

Wanjugu alitazama mbele. Angalau leo, alijiambia, mmoja wa akina mama wasiokuja ataandikwa jinsi alivyo.

"Chepkemei, mara ya mwisho!"

Ndipo akahisi uzito wenye joto ukiwekwa mapajani mwake, juu ya ripoti. Alipoinamisha macho, alikuwa Kipyegon, bado usingizini. Winrose alikuwa amesimama.

"Niko hapa, mheshimiwa."