Rezista Iliyoungua Mgongoni

Rezista ilikuwa imeungua, na fyuzi ilikuwa mfukoni mwake.

Binti aliketi sakafuni sebuleni kwa wazazi wake, amplifaya ya gitaa la baba yake iko mbele yake, matumbo nje. Yeye ni fundi wa redio na televisheni, na hakuwa mgeni wa madude yaliyoungua. Asubuhi alibadilisha rezista hii hii, akachomoa fyuzi, akatoka nayo kwenda kununua kapasita. Bila fyuzi umeme haupiti hata kwa dawa. Kurudi baada ya saa moja, anakuta rezista mpya nyeusi tii.

Ilikuwa mara ya tatu tangu aje Jumatatu. Akitengeneza hapa, panaungua pale. Alishalaumu transfoma, akalaumu umeme wa mtaa, akamtukana hadi muuza vipuri, maskini wa Mungu. Na kesho bendi ya zamani ya baba inakutana tena ukumbini baada ya miaka kumi na miwili, mpiga solo ni mzee mwenyewe. "Dude limefifia sauti," baba alimwandikia kwenye simu. "Njoo haraka. Nikiikosa siku hii, ndiyo basi tena."

Aliing'oa rezista, akaigeuza chini ya taa. Inayouawa na umeme huungulia ndani, na huacha doa la moto kwenye bodi. Hii iliungua mgongoni tu. Bodi chini yake ilikuwa safi kabisa. Kumbe kuna mtu kaichoma kwa moto!

"Baba, nani aliingia humu?" aliuliza, kichwa bado kimeinama.

Baba alikuwa kwenye kiti nyuma yake, anafuta nyuzi za gitaa. Aliendelea kufuta. Siku hizi mzee alikuwa mtu wa kununa, na akifungua mdomo ni kulalamika kwamba watu wa leo wananong'ona tu.

"Hakuna aliyeingia," mama alijibu kutoka mlangoni.

"Nimemuuliza yeye, mama! Mwache aseme mwenyewe."

Wiki nzima ilikuwa hivyo. Ukimuuliza baba kama anataka chai, mama anajibu. Ukimwomba baba koleo, mama analeta. Mtu mzima na mvi zake, hana usemi ndani ya nyumba yake! Binti aligeuka, ndipo akaona kidole gumba cha mama kina masizi, na kiberiti kimechungulia mfukoni mwa aproni.

"Ni wewe," alisema. "Miaka yote unaliita hilo gitaa mke mwenzako, nikadhani utani. Baba kapata siku moja tu ya furaha, na wewe unamchomea! Roho mbaya gani hiyo, mama?"

Mama alifungua mdomo. Akamtazama mumewe, akaufunga. Machozi yalimlengalenga.

"Liache tu life, mwanangu," alisema. "Nakuomba."

"Halifi ng'o! Toka, niache nifanye kazi."

Mama alitoka. Binti alilehemu kwa hasira, akavunja rezista moja, akaweka nyingine. Akarudisha fyuzi, akawasha. Taa nyekundu ikawaka, spika ikavuma. Safari hii hakubanduka pale hata dakika. Alimshika baba bega, akamwonyesha taa kwa kidole.

Mzee alitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Alichomeka waya wa gitaa, akafungua sauti mpaka mwisho, akapiga.

Vioo vya madirisha vilitetemeka. Jirani alipiga kelele za shangwe ng'ambo ya ukuta. Barabarani watu walisimama, mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakamfuata. Binti naye alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na alijisemea kwamba yeye hatamsamehe mama, hata iweje.

Vidole vya mzee vikasimama. Aliitazama spika. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi, kisha akalilaza gitaa mapajani.

"Bado imekufa, mwanangu," alisema. "Hebu angalia vizuri, kuna kingine kimeungua."