Jembe Lisiloisha

Pogzie, mke wa kaka yangu, aliingia karakana yangu ya uhunzi akanitupia jembe miguuni. Lilikuwa limechimba changarawe misimu miwili, na bapa lake bado lilikuwa pana kama siku nilipompa.

Nikatabasamu. Nilikuwa nimelifua mwenyewe kutokana na springi ya lori, nikalifukia kwenye unga wa mifupa iliyochomwa, nikalipasha moto mchana kutwa, kisha nikalizamisha majini likakakamaa.

"Shemeji, umekuja kunishukuru?" nikamuuliza.

"Nikushukuru kwa lipi? Yale ya zamani yalikuwa yanaisha katikati ya palizi. Nilikuwa nashinda hapa kwako ukinifulia jingine, nanyoosha mgongo, napiga soga na wenzangu. Mwanamke asiye na jembe hakuna anayemhimiza aende shamba. Sasa kaka yako ananiambia, 'Jembe zima hilo, unakaa nyumbani unafanya nini?'"

Akanifunulia viganja. Ngozi ilikuwa imelika, nyama nyekundu nje.

"Hili haliishi, shemeji. Ninaisha mimi."

Nililitia motoni, nikavukuta hadi likawa jekundu, nikalilaza kwenye majivu. Ndoo ya maji nikaisukuma kando kwa mguu.

"Kaa," nikamwambia. "Litapoa lenyewe, taratibu, lirudi kuwa laini, liishe kama yale ya zamani."

Alikuwa ameshalala, mgongo ukutani.