M Yenye Mkia

Kompyuta ya marehemu mume wa Bi Mwanaidi ilikuwa imeanza kusuasua, na ndani yake mlikuwa na sauti ya mume huyo akiwasimulia watoto hadithi. Sauti hiyo haikuwepo mahali pengine popote. Ikabidi kila kitu kihamishiwe diski mpya.

Mezani kwa fundi Kheri zililala diski mbili zilizofanana kama shilingi kwa ya pili. Moja ilibandikwa karatasi: MPYA.

"Mama, natoa kwenye hii, natia kwenye hii mpya. Nikikosea, tupu itaifuta iliyojaa."

"Usinitie kiwewe, mwanangu. Si imeandikwa?"

Kheri akabonyeza. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo.

Bi Mwanaidi akavaa miwani, akaitazama karatasi. Ile M ilikuwa na mkia. Mtu mmoja tu aliandika M yenye mkia, marehemu mumewe, na diski ile aliinunua yeye, miaka tisa iliyopita, ilipokuwa mpya kweli.

"Kheri! Hiyo mpya ndiyo ya zamani!"

Fundi akachomoa waya. Mstari ulikuwa umefika asilimia mbili.

"Ni mbili tu, mama," alisema, bila kumtazama. "Niiwashe tusikilize?"

Kidole cha Bi Mwanaidi kilikuwa juu ya karatasi, kikiufuata ule mkia polepole.